Emacs haisomi mipangilio yangu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natumia Emacs, programu ya kuhariri matini, kuandikia tasnifu yangu. Mipangilio yote nimeiweka kwenye init.el, ndani ya folda ya .emacs.d. Ghafla Emacs inafunguka kama ndiyo kwanza imewekwa: rangi hakuna, fonti imerudi ndogo, na haileti ujumbe wowote wa kosa. Nimeiondoa na kuiweka upya, wapi! Faili lenyewe lipo, na nakala yake inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya maabara. Kabla ya hapo mwenzangu alinipa amri ya kubandika kwenye terminali ili nipate vifurushi vya MELPA, hazina ya nyongeza za Emacs. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwanza, acha kuiondoa na kuiweka upya. Ukifanya hivyo unabadilisha programu tu, ilhali mipangilio inakaa kwenye folda yako ya nyumbani na haiguswi.

Kinachonipa mwanga ni huo ukimya. init.el ikiwa na kosa, Emacs hutoa onyo inapofunguka. Isiposema kitu, mara nyingi faili halikusomwa kabisa. Basi usibahatishe, iulize yenyewe. Bonyeza Ctrl na h, achia, bonyeza v, andika user-init-file, kisha Enter. Itakutajia faili ililolisoma, na kwa maelezo yako natarajia utaona .emacs iliyo kwenye folda ya nyumbani, siyo init.el.

Emacs hutafuta kwa zamu: kwanza .emacs.el na .emacs kwenye folda ya nyumbani, ndipo init.el ya .emacs.d. Tangu toleo la 27, la mwaka 2020, inaweza pia kusoma ~/.config/emacs. Inachukua moja tu, haichanganyi. Kwa hiyo .emacs yenye mstari mmoja inatosha kuizuia init.el yako yote, hata iwe ndefu namna gani. Maelekezo mengi ya zamani humwambia mtu aandike kwenye .emacs, na amri ya mwenzako bila shaka ilifanya hivyo. Andika ls -a kwenye terminali utaiona. Jina linaloanza na nukta hufichwa. Hamishia mistari yake kwenye init.el, kisha ibadilishe jina, mfano emacs-ya-zamani. Usiifute leo.

Ikiwa Emacs itakutajia init.el na bado mabadiliko hayaonekani, tafuta init.elc pembeni yake. Hiyo ni nakala iliyokompailiwa, yaani iliyogeuzwa ili Emacs iisome haraka, na Emacs huipendelea hata ikiwa ya zamani kuliko faili unalolihariri. Hapa user-init-file haitakusaidia, kwa kuwa hutaja init.el hata pale kilichosomwa ni init.elc. Angalia bafa ya *Messages*, ukurasa ambamo Emacs huandika ujumbe wake, ndimo onyo la hilo lilimo. Ifute init.elc bila wasiwasi, imetokana na init.el yenyewe. Mimi sioni faida ya kukompaili faili unaloligusa kila siku.

SWALI: Mwalimu, naiwasha Emacs kwa --daemon, yaani ikae nyuma ya pazia bila dirisha, halafu nafungua madirisha kwa emacsclient -c. Fonti niliyoiweka ndani ya (when (display-graphic-p) ...) haitokei. Nikifungua Emacs ya kawaida inatokea. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Daemon husoma init.el mara moja tu, inapowaka, na wakati huo hakuna dirisha hata moja. Swali la display-graphic-p, yaani kama kuna dirisha la picha, linajibiwa nil (hapana), kila kilichomo kwenye sharti hilo kinarukwa, na hakirudiwi dirisha litakapofunguka. Itoe fonti humo, uandike hivi:

(add-to-list 'default-frame-alist '(font . "DejaVu Sans Mono-12"))

Hapo kila dirisha jipya litazaliwa na fonti yake. Mambo mengine yanayohitaji dirisha liwepo kwanza yatundike kwenye server-after-make-frame-hook, orodha ya kazi zinazotekelezwa emacsclient ikishafungua dirisha, iliyopo tangu toleo la 27.

Tena, ukishahariri, kufunga dirisha hakuizimi daemon. Itaendelea na mipangilio ile ya zamani, nawe utadhani marekebisho yameshindwa. Wengi hukata tamaa hapo wakati tayari wamepatia. Hifadhi kazi zako zote, izime kwa emacsclient -e '(kill-emacs)', iwashe tena, ndipo uitazame fonti.