Kazi hamna, nyumba imejaa makorokoro: maswali yenu na majibu yangu

Meseji zimejaa. Nyingi ni za watu wa aina moja: mkataba haukuongezwa au kazi imeisha ghafla, sasa mtu yupo ndani tangu asubuhi anaangalia kuta, ndo anagundua kumbe bafu lina ukungu na mlango wa kabati unaning'inia kwa skrubu moja. Nimechagua chache. Zile za "nianzie wapi" nimezijibu kwa mpigo, msinitumie tena.

Nimepunguzwa kazini wiki mbili zilizopita. Nimeamua kabla sijaanza kutuma maombi ya kazi nipange kwanza nyumba nzima, kichwa kitulie. Nianzie chumba gani?

Usianzie chumba chochote, anza na maombi. Najua sio ulichouliza ila nakujua, maana hata mi nilishakuwa wewe. Niliwahi kukaa miezi kadhaa bila kazi, mwezi wa kwanza wote nikapiga rangi korido, nikatenganisha misumari kwa saizi kwenye vikopo, nikasugua mpaka nyuma ya friji, kila jioni nalala hoi najiona mchapakazi kweli. Mwezi wa pili ndo nikashtuka, sijamwandikia mtu hata mmoja. Nyumba haikatai mtu, utamu wake upo hapo na ubaya wake upo hapohapo. Ukituma barua unaweza usijibiwe, ukisugua sinki linang'aa palepale, sasa wewe kwa hali uliyonayo utachagua nini?

Kwa hiyo asubuhi, kichwa kikiwa bado kizima, ni ya kutafuta kazi. Nyumba ipe masaa mawili mchana, weka alamu, ikilia weka chini ulichoshika hata kama droo imemwagwa kitandani. (Ndo maana hatumwagi droo zote kwa pamoja. Moja. Ikiisha, nyingine.)

Na hayo masaa mawili yaanze na maji, sio na makabati. Watu wote mnakimbilia nguo wakati bomba la jikoni linadondosha tangu mwaka jana. Ile methali ya ufa na ukuta mnaijua wote, ila ikifika kwenye bomba mnaweka ndoo chini maisha yanaendelea. Maji yanayovuja hayakusubiri upate kazi, yanaozesha mbao, yanavimbisha kabati, yanaalika ukungu, na bili inapanda kipindi ambacho huna kipato. Bomba la kuzungusha likidondosha mara nyingi ni ile raba ndogo ya ndani, mafundi wanaiita washa, imechoka tu. Choo nacho kipime: dondoshea rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiflashi kama nusu saa hivi, ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli basi raba ya chini haizibi na maji yanapita usiku na mchana bila kelele. Kubadilisha sio kazi ngumu. Ila kabla hujagusa chochote jua koki kuu ya kufunga maji iko wapi na hakikisha inazunguka, usije ukaanza kuitafuta umeshalowa.

Ni maboksi gani mazuri ya kupangia vitu, ya plastiki au vikapu?

Hakuna. Nimejibu hili mara ngapi jamani? Boksi jipya sio mpangilio, ni kitu kingine kimeongezeka kwenye nyumba iliyojaa vitu, tena kimenunuliwa na mtu asiye na mshahara. Punguza kwanza, vitakavyobaki vitaenea kwenye maboksi ya viatu uliyonayo chini ya kitanda.

Nasikia ukichanganya jiki na siki inaua ukungu wa bafuni haraka zaidi. Kipimo kiweje?

Kipimo ni sifuri. Jiki ikikutana na siki, au na dawa yoyote ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Wewe unataka kuitengeneza kwenye bafu lenye kidirisha kimoja. Ikikutana na amonia, ambayo ipo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, inatoa gesi nyingine nayo inachoma mapafu. Jiki inachanganywa na maji tu, basi, na ukishaichanganya itumie siku hiyohiyo maana kesho nguvu imepungua. Kama kuna aliyeshachanganya huko anasoma hapa huku kifua kinabana: acha kila kitu, toka nje kwenye hewa, na kama hakiachii nenda hospitali leo. Sio kesho.

Sasa ukungu wenyewe. Mnapenda sana kuuliza dawa, hamuulizi umetoka wapi. Ukungu unafuata unyevu, ukifuta leo na unyevu upo utarudi, ukipaka rangi juu yake utatokea juu ya rangi. Angalia kwanza: kuna bomba linavuja nyuma ya ukuta? Paa? Au ni watu watano wanaoga maji ya moto mlango na dirisha vimefungwa, na nguo zinaanikwa humohumo ndani? Fungua dirisha ukimaliza kuoga, kausha ukuta kwa kitambaa, sogeza kabati kidogo kutoka kwenye ukuta wa nje ili hewa ipite. Kitu kikilowa, godoro, zulia, kadibodi, kikauke ndani ya siku moja au mbili, zaidi ya hapo ukungu unaanza kujenga. Kadibodi hasa. Wale mnaotunza maboksi ya TV na friji ya miaka saba iliyopita kwenye stoo yenye unyevu, mnafuga ukungu na mende kwa pamoja.

Sinki limeziba. Nimeweka magadi soda na siki kama kwenye video, povu limetoka jingi sana lakini bado limeziba. Nirudie?

Povu ni povu tu. Hivyo vitu viwili vikikutana vinauana, unabaki na maji yenye chumvichumvi na hewa iliyoruka zake. Inapendeza kwenye video kwa sababu inachemka.

Chukua ile pampu ya mpira yenye mpini, jaza maji yafunike mpira, ziba tundu la juu la kupunguzia maji kwa kitambaa kibichi (hapa ndo wengi mnakosea, unasukuma huku na hewa inatokea kule), sukuma mara kumi na tano, ishirini. Ikigoma, ingia chini ya sinki, weka ndoo, fungua lile bomba lililojikunja. Limekunjwa makusudi ili maji yakae pale yazuie harufu ya mfereji isipande, kwa hiyo na uchafu unakaa palepale. Na usimwage maji ya ndoo kwenye sinki ambalo umetoka kulifungua bomba. Unacheka, nilishafanya.

Kostiki, ile soda kali ya kuzibulia mabomba, sikushauri. Ukilazimika, vaa glavu na miwani, maji baridi ndo yanatangulia kwenye chombo halafu kostiki inafuata kidogokidogo, kamwe usimwagie maji juu ya kostiki, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Na ukishaimwaga kwenye sinki, pampu usiiguse tena.

Mume wangu amekosa kazi mwezi wa pili huu. Sasa kila nikirudi kazini nakuta kuna kitu changu kagawa au katupa, anasema anapunguza vitu. Juzi ni mashine yangu ya kukaushia nywele. Nimwambieje bila kumuumiza?

Pole dada. Na wewe shemeji, maana najua utaonyeshwa hii: cha mwenzio sio makorokoro, hata kama kina vumbi, hata kama hujawahi kuona kikitumika. Unaanza na vyako. Zile chaja kumi na mbili za simu ambazo hazipo tena duniani, fulana za makampuni, redio unayosema utaitengeneza. Ukimaliza hivyo miezi miwili itakuwa imeisha.

Sasa dada, kati yetu. Mtu akitolewa kazini anabaki hana kitu kinachomsikiliza. Simu hazipokelewi, barua hazijibiwi, ila kabati linamtii. Ukimwambia aache kabisa atasikia kama anafukuzwa mara ya pili. Mpe eneo: stoo yote ni yako, uamuzi wa mwisho ni wako, ila chumbani na vyangu unaniuliza. Na wekeni boksi moja la "bado tunajadiliana", likae mwezi mzima mlangoni, lisitoke bila wote wawili kusema sawa. Mashine ya nywele aifuate alikoipeleka. Hilo wala sio la kumbembeleza.

Karatasi. Nina mifuko mitatu ya karatasi za ofisini na bili za zamani. Nichome zote?

Ngoja kwanza! Mtu uliyetoka kazini karibuni ndo mtu wa mwisho kuchoma karatasi. Barua ya kuajiriwa, mkataba, hati za mshahara, barua ya kuachishwa, michango ya pensheni, vyeti vyote, hivyo vinakaa kwenye faili moja na faili linakaa juu, sio sakafuni. Ukija kudai haki yako ndo vitaulizwa, na mwajiri mpya naye anaweza kuviomba. Piga picha ndiyo, ila picha haikupi ruhusa ya kutupa cheti halisi. Bili zilizolipwa angalia sheria ya kodi ya unakoishi inataka zikae miaka mingapi, baada ya hapo chana. Chana vipande vidogo sehemu yenye jina, namba ya akaunti na saini, maana karatasi nzima jalalani kuna watu wanaisoma vizuri kuliko wewe.

Na kwa kuwa hakuna aliyeuliza: simu na kompyuta za zamani mnazouza ili mpate hela ya wiki. Kufuta picha moja moja haitoshi, kwenye kompyuta faili ukilifuta kawaida mara nyingi kinachoondoka ni jina kwenye orodha tu, lenyewe linaweza kuwa bado lipo mpaka liandikwe kitu kingine juu yake. Simu, toka kwanza kwenye akaunti zako, kisha irudishe kama ilivyotoka kiwandani, toa laini na memori kadi. Ikiwa betri imevimba usiitoboe, usiibinye, usiitupe na taka za kawaida, inawaka. Peleka panapopokelewa vifaa vya umeme vilivyokufa.

Soketi ya sebuleni inapata joto na inanuka plastiki. Nina muda sasa, kuna video YouTube, naweza kufungua mwenyewe?

Hapana. Chomoa vitu, zima kwenye meni swichi, ita fundi umeme. Kukosa kazi hakukufanyi fundi umeme. Na kama kwenye hiyo soketi ulichomeka ekstensheni iliyochomekewa ekstensheni nyingine yenye hita na pasi, basi tatizo nimeshalijua.

Niuze cherehani na kompyuta? Zimekaa tu na hela inahitajika.

Uza TV ya pili. Uza kabati la vyombo vya wageni ambao hawaji. Kitu kinachoweza kukuingizia hela hakiuzwi wakati hela haingii, maana siku kazi ikitokea utakinunua tena kwa bei kubwa kuliko uliyouzia. Cherehani ipige mafuta, ifunike. Kompyuta utaandikia CV kwa nini? Na ile suti au gauni la intavyuu, naomba nisisikie mtu kaligawa kwenye ari ya kupunguza vitu halafu anaazima la jirani lisilomtosha.

Mimi naona aibu kusema. Naamka saa tano, vyombo vimejaa, sina nguvu ya kuosha hata kikombe. Nyie mnaongelea stoo.

Usione aibu. Leo osha kikombe kimoja na sufuria moja, toa mfuko wa taka, fungua pazia. Basi, umemaliza, stoo isikutishe. Ila kama ni wiki mbili sasa kila siku hivyo, usingizi umeharibika na hata vitu ulivyopenda huvitaki, hiyo sio uvivu wala uchafu, inaweza kuwa sonona na inatibika. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na muone daktari. Na usikubali mtu akuite mvivu kwa sababu ya sinki.

Kweli kitu usichokitumia mwaka mzima utupe?

Hata mi mtungi wangu wa kuzimia moto sijautumia miaka yote. Niutupe?

Nimekuta makopo ya rangi stoo, yana miaka mitatu. Bado inafaa?

Koroga na kijiti mpaka chini. Kama ni rangi ya maji ikarudi kuwa laini, paka kidogo kwenye kipande cha boksi ikauke uone. Ikibaki mabonge au ikinuka kama kitu kilichooza, imekwisha, na usiimwage kwenye sinki ulilohangaika kulizibua. Kopo lililobaki liandike chumba ulichopaka na tarehe, kwa kalamu ya wino mzito, kwenye kopo lenyewe. Kwenye mfuniko usiandike, mifuniko inabadilishana.