Kwa nini sampuli nyembamba ya mwamba hutoa nguvu kubwa zaidi?

SWALI: Tumechoronga graniti moja kwa saizi mbili za kawaida za kuchorongea: BQ yenye kipenyo cha mm 36.4 na HQ ya mm 63.5. Sampuli zote tulizikata urefu wa mm 100. Wastani wa nguvu ya mgandamizo umetoka megapaskali 138 kwa BQ na 128 kwa HQ. Tuandike ipi kwenye ripoti?

JIBU: Msiandike yoyote kati ya hizo peke yake, wala msichukue wastani wa zote mbili. Kwa kuzikata zote urefu uleule mmebadilisha mambo mawili kwa mpigo, yaani ukubwa na umbo, na kila moja linavuta upande wake.

Tuanze na ukubwa. Mwamba huanza kuvunjika pale penye kasoro: ufa mdogo, tundu, au mshikamano hafifu kati ya punje na punje. Silinda ikiwa kubwa, uwezekano wa kubeba kasoro mbaya huongezeka, na hiyo mbaya ndiyo inayoamua. Wataalamu wa mekanika ya miamba Hoek na Brown walikusanya vipimo vya miamba mbalimbali mwaka 1980 na kupata kanuni inayotumika mpaka leo: nguvu ya kipenyo d (kwa mm) ni sawa na nguvu ya kipenyo cha mm 50 mara (50/d) kwa kipeo cha 0.18. Kwa BQ kizidisho hicho ni 1.06, kwa HQ ni 0.96. Kwa hiyo mwamba uleule unatarajiwa kuonekana na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 10 ukipimwa kwa BQ.

Umbo nalo lina hila yake. Msuguano wa sahani za mashine huzuia ncha za sampuli kutanuka. Sampuli ndefu hubaki na sehemu ya katikati iliyo huru. Fupi hubanwa karibu yote na kuonekana imara kuliko ilivyo. BQ yenu ina uwiano wa urefu kwa kipenyo wa 2.75, lakini HQ ni 1.57 tu, wakati kiwango cha upimaji cha Marekani, ASTM D7012, kinataka 2 hadi 2.5, na ISRM, chama cha kimataifa cha mekanika ya miamba, kinataka 2.5 hadi 3. Ili kuzileta zote kwenye uwiano wa 2, gawanyeni kila tokeo kwa (0.778 + 0.222 × kipenyo/urefu), kisha zidisheni kwa 0.889. BQ inapanda kuwa 143 na HQ inashuka hadi 124. Tofauti ya 10 imekuwa 19: urefu wa BQ na ufupi wa HQ kwa pamoja vilikuwa vinaficha karibu nusu ya tofauti.

Sasa ondoeni athari ya ukubwa. 143 kugawanya kwa 1.06 ni 135. 124 kugawanya kwa 0.96 ni 129. Pengo la 6 lililobaki lilinganisheni na mtawanyiko wa sampuli zenyewe kabla ya kulitafutia sababu. Kama bado linawasumbua, angalieni kwanza vipande vilivyotupwa. BQ hukatika kirahisi penye ufa, kwa hiyo kinachofika maabara mara nyingi ni kile kizima tu. Halafu unyevu: seti moja ikikaushwa na nyingine ikapimwa mbichi, hazilinganishwi. Mwisho, ncha. Zinatakiwa ziwe bapa ndani ya mm 0.02; kinundu kidogo hukusanya mzigo sehemu moja na kupasua silinda kwa wima mapema, na tokeo hilo halisemi lolote kuhusu mwamba.

Pimeni pia punje kubwa kuliko zote. Kipenyo kinapaswa kuwa angalau mara 10 ya punje hiyo. Graniti yenye punje za madini ya feldispa za mm 6 inahitaji mm 60, hivyo BQ haifai kabisa hapo, na hakuna kanuni ya kuiokoa. Hata bila hilo, BQ iko chini ya mm 47 zinazotakiwa na ASTM. Mimi ningeitegemea HQ, na kama bado kuna masalia ya HQ, ningekata nyingine za mm 140 na kupima upya angalau tano.

Kanuni ya Hoek na Brown inatokana na vipenyo vya mm 10 hadi 200. Msiinyooshe hadi kwenye nguzo ya mgodi, yaani mwamba unaoachwa kushikilia paa. Mtafiti Bieniawski alipopima michemraba ya makaa ya mawe Afrika Kusini, ya hadi mita 1.5, nguvu ilishuka sana kadiri mchemraba ulivyokua, kisha ikakaribia kutulia kwenye ukubwa huo. Kwenye nguzo zinazotawala ni nyufa za asili za mwamba, kwa hiyo namba ya maabara ipitishwe kwanza kwenye tathmini ya nyufa hizo, kwa mfano GSI, kipimo cha ubora wa mwamba pamoja na nyufa zake.

Kwenye ripoti andikeni 129 kama nguvu ya mm 50 kwa uwiano wa 2, na kando yake tokeo ghafi la kila sampuli, kipenyo, urefu, hali ya unyevu na namna ilivyovunjika.