Maswali na majibu: Hesabu ya michezo ya video imehamia dukani

Barua kuhusu michezo ya video zimekuwa nyingi kwenye safu hii, na nyingi zinalalamika. Nimechagua tano ambazo, kwa maoni yangu, zinazunguka jambo moja: jinsi michezo inavyotengenezwa na kuuzwa siku hizi, na kile kinachopotea njiani.

Ndugu mwandishi, nilicheza Morrowind kwenye kompyuta ya kaka yangu kabla sijaijua Skyrim. Ya kwanza ilinipoteza njia kila siku. Ya pili inanielekeza kwa alama mpaka mlangoni. Rafiki zangu wanasema kwamba nimezeeka tu. Je, michezo imepungua undani kweli? — Msomaji wa Kamalondo

Uzee hauhusiki, kwa sababu unalolisema linaweza kuhesabiwa. Morrowind ya mwaka 2002, ya mfululizo wa The Elder Scrolls kama Skyrim, ilimpa mchezaji stadi 27 na sifa 8 za mhusika wake. Oblivion, iliyoifuata mwaka 2006, ilibakiza stadi 21, na Skyrim ya mwaka 2011 ikabaki na 18, huku zile sifa 8 zikiondolewa kabisa na nafasi yake kuchukuliwa na afya, nguvu za uchawi na pumzi. Katika Morrowind, anayekupa kazi anakueleza njia kwa maneno: fuata mto, vuka daraja, kata kushoto penye mwamba, na mara chache maelezo yenyewe yalikuwa na makosa. Katika Skyrim alama inakaa kwenye dira, na mchezaji anaitazama alama kuliko anavyoitazama nchi anayopita.

Wengi husema kwamba watengenezaji wamewadharau wachezaji. Mimi naona sababu nyingine iliyo karibu zaidi na mfuko. Mazungumzo mengi ya Morrowind yaliandikwa tu, lakini kuanzia Oblivion kila mhusika husema kwa sauti ya mwigizaji. Mwandishi anayetumia maandishi peke yake anaweza kuongeza aya nzima ya maelekezo bila kumgharimu mtu. Aya hiyo ikihitaji kurekodiwa, na kurekodiwa upya katika kila lugha pindi daraja linapohamishwa wakati mchezo ungali unajengwa, inakuwa bili. Alama kwenye dira haimdai mtu chochote. Michezo ya Deus Ex nayo ilipitia njia kama hiyo: ile ya mwaka 2000 ilikuwa na maeneo mapana na risasi za aina mbalimbali, na iliyofuata mwaka 2003, iliyotengenezwa kwa kuzingatia pia kumbukumbu ndogo ya konsoli (mashine ya michezo) ya Xbox, ilikatwa vipande vidogo na silaha zote zikatumia risasi za namna moja.

Hata hivyo silii juu ya kila kilichoondolewa. Katika Morrowind unampiga adui kwa upanga, unauona upanga ukimgusa, na kompyuta inaamua kwa siri kwamba umemkosa. Sijui nani anaikumbuka hali hiyo kwa upendo. Wingi wa tarakimu peke yake hauleti undani. Bao la Waswahili wa pwani lina mashimo 32 na kete 64 tu, na bado mchezaji hodari hutumia miaka kulijua, kwa kuwa kila kete anayoitia inabadilisha hali ya ubao wote. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: je, uamuzi wangu unazaa matokeo ambayo nitakutana nayo baadaye? Kwa kipimo hicho michezo mingi mikubwa imepungua kweli, ingawa haiwezekani tena kudai kwamba wanunuzi wameukataa undani. Elden Ring, ambayo haikubembelezi hata kidogo, ilitoka mwaka 2022 na kuuza nakala zaidi ya milioni 20. Baldur's Gate 3, yenye kanuni nyingi kuliko michezo mingi ya kizazi chake, ilichaguliwa mchezo bora wa mwaka 2023 kwenye tuzo za The Game Awards.

Nitaongeza neno moja ambalo litarudi katika majibu mengine: hesabu iliyotolewa ndani ya mchezo haikupotea. Imepelekwa dukani.

Papa mwandishi, kijana wangu wa miaka 13 anacheza mpira kwenye simu. Alinunua pakiti za wachezaji kwa pesa iliyokuwa kwenye simu yangu, akaniambia kwamba alikuwa anamtafuta mshambuliaji mmoja na hakumpata. Huu ni mchezo au ni kamari? — Mama wa Katuba

Mama, swali lako limewahi kufika mbele ya vyombo vya sheria, na majibu yalitofautiana hata kati ya nchi zinazopakana. Mwezi Aprili 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa, yaani pakiti ambazo mnunuzi hajui zina nini mpaka azifungue, yalivunja sheria ya kamari katika michezo mitatu kati ya minne iliyoichunguza, na FIFA 18, mchezo wa mpira, ilikuwa mojawapo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya Electronic Arts, iliyoitengeneza FIFA, iliacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia pakiti hizo. Uholanzi nayo ilitaka kuitoza kampuni hiyohiyo faini ya yuro milioni 10, lakini mwezi Machi 2022 mahakama ya juu ya mambo ya utawala iliifuta. Japani ilikuwa imetangulia wote: mwaka 2012 ilipiga marufuku ule mtindo wa kumfanya mtu anunue bahati nasibu nyingi ili akusanye seti kamili na kupata zawadi kubwa.

Hapa ndipo utaiona ile hesabu niliyoitaja. Mtoto habadilishi pesa kuwa mshambuliaji. Anabadilisha pesa kuwa pointi, pointi kuwa pakiti, na pakiti kuwa jina ambalo huenda analo tayari. Pointi huuzwa kwa mafungu ambayo mara nyingi hayalingani na bei za pakiti, kwa hiyo hubaki kidogo kisichotosha kununua kitu, na kidogo hicho kinamwita mtu aongeze. Sisi wa Lubumbashi, tunaolipa mkate kwa faranga na nyumba kwa dola, tungepaswa kuwa wagumu kudanganywa na sarafu ya tatu. Lakini mtoto hajawahi kusimama mbele ya mbadilisha fedha. Nayo biashara si ndogo. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2021, Electronic Arts iliingiza dola bilioni 1.62 kutokana na ile sehemu ya michezo yake yenye pakiti, iitwayo Ultimate Team, peke yake.

Badilisha leo namba ya siri ya pesa ya simu, kisha uwashe katika duka la programu sharti la nenosiri kwa kila manunuzi. Baada ya hapo keti na kijana. Tangu Desemba 2017 Apple inazitaka programu zinazouza masanduku hayo zionyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya kitu, na China ilikuwa imeweka sharti kama hilo mwezi Mei mwaka huohuo. Mwombe akutafutie asilimia ya mshambuliaji wake. Kama ni 1 kwa 100, mtoto wa miaka 13 atafikiri kwamba pakiti 100 zinatosha. Ukweli ni kwamba mtu akifungua pakiti 100 za namna hiyo, bado kuna nafasi kama 37 kati ya 100 kwamba atabaki mikono mitupu. Hesabu hiyo mnaweza kuifanya pamoja kwa kikokotoo cha simu, na naamini itamkaa kichwani kuliko adhabu.

Bwana mwandishi, nina chumba cha michezo Ruashi. Zamani nilinunua diski, nikaiweka kwenye konsoli, vijana wakacheza. Sasa diski mpya inataka kupakua gigabaiti nyingi kabla ya kufunguka, mega za intaneti ni ghali, na umeme unakatika katikati ya kazi. Diski niliyoinunua ni yangu au si yangu? — Mwenye chumba cha michezo

Plastiki ni yako. Mchezo, kwa maneno ya mikataba ambayo hakuna anayeisoma, ni ruhusa uliyopewa, na aliyekupa anaweza kuifunga. The Crew ya Ubisoft, mchezo wa magari uliotoka mwaka 2014, ulihitaji seva za kampuni, yaani kompyuta zake za kwenye intaneti, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, diski zote zilizouzwa duniani hazikufaa kitu tena. Wachezaji wa Ulaya walianzisha ombi la kuitaka sheria iwalazimishe wachapishaji kuacha michezo ikiwa hai baada ya mauzo kwisha, na kufikia Julai 2025 lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Huko California sheria inayofanya kazi tangu Januari 2025 inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme wazi wanapouza ruhusa tu. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, lilianza kuonyesha tangazo hilo mwezi Oktoba 2024.

Kwa mji wenye mgao wa umeme kama wetu, jambo hili linauma kuliko linavyouma Paris. Mwaka 2013 SimCity, mchezo wa kujenga mji, ilitoka ikiwa na sharti la intaneti ya kudumu, seva zikalemewa siku ya kwanza, na hata Wamarekani wenye waya nyumbani walishindwa kucheza. Mtengenezaji alitetea sharti hilo. Mwaka mmoja baadaye akatoa njia ya kucheza bila intaneti, mji ukaendelea kujengwa kama kawaida. Ndiyo maana nasita kuamini ninapoambiwa kwamba mchezo wa mtu mmoja hauwezi kabisa kufanya kazi bila seva.

Kwa biashara yako, kabla ya kununua soma kilichoandikwa kwenye jalada kuhusu intaneti na nafasi inayohitajika. Ukiona kwamba upakuaji ni wa lazima, ihesabie bei ya mega kuwa sehemu ya bei ya diski. Hata kwenye konsoli ya Switch 2 ya mwaka 2025 kuna kadi ambazo ndani yake mna ufunguo tu, na mchezo wenyewe hupakuliwa. Kwa kompyuta, duka la GOG huuza michezo ambayo faili lake la kusakinisha unaweza kulihifadhi kwenye diski ya nje na kulitumia bila kuomba ruhusa ya mtu. Michezo mingi ya zamani inapatikana huko.

Kwa nini mchezo mpya ni dola 70? — Msomaji wa Kampemba

Kwa muda mrefu bei ilikuwa 60; ya 70 ilianza mwaka 2020, na Mario Kart World ikauzwa 80 mwaka 2025. Nitawaudhi baadhi ya wasomaji: kwa thamani ya fedha huko Marekani, dola 60 za mwaka 2006 ni zaidi ya 90 za leo, kwa hiyo bei yenyewe imeshuka. Ninachokikataa ni kulipa 70 kisha kukuta ndani pasi ya msimu, nguo za kununua na pakiti. Mwaka 2006 watu walicheka kwa hasira pale Bethesda, kampuni iliyotengeneza Oblivion, ilipouza deraya za farasi wa ndani ya mchezo huo kwa dola 2.50. Leo hakuna anayecheka.

Yaya, ninasoma informatiki hapa Lubumbashi na ninataka kutengeneza mchezo wenye mikakati na hesabu nyingi. Wenzangu wanasema kwamba bila mamilioni ya dola haiwezekani. — Mwanafunzi

Mdogo wangu, mamilioni hutumika zaidi kwenye picha, sauti na matangazo, na kanuni hazilipiwi ushuru. Dwarf Fortress, pengine mchezo wenye undani kuliko wote, ulitolewa mwaka 2006 na ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, ukiwa umechorwa kwa alama za herufi. Stardew Valley ya mwaka 2016 ni kazi ya mtu mmoja. Huko Yaoundé, studio ya Kiro'o Games ilitoa Aurion mwaka huohuo.

Chagua vifaa vyako kwa uangalifu. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Unity, yenye programu ya kutengenezea michezo, ilitangaza kwamba itawatoza watengenezaji ada kwa kila usakinishaji wa michezo yao, ikaifuta ada hiyo mwaka mmoja baadaye baada ya wengi kuhama. Godot, programu ya kazi hiyohiyo, ni bure na huria, wala hakuna ofisi inayoweza kukubadilishia masharti usiku. Kuuza kwenye Steam kunadai dola 100 kwa kila mchezo, ambazo hurudishwa mauzo yakifika dola 1,000, na duka hilo huanza kwa kuchukua asilimia 30 ya kila nakala. Duka la itch.io halidai ada ya kuingia na hukuachia uamue fungu lake. Kwa jaribio la kwanza ningeanzia huko.