Anza na hewa, sanitaiza baadaye

Wewe uliyekabidhiwa tamasha la muziki wa klasiki wakati ugonjwa kama korona bado unatembea, najua utakapoanzia: utaagiza sanitaiza. Nami nilianzia hapo hapo. Onesho langu la kwanza kumbi zilipofunguliwa tena mwaka 2020, kila mlango ulikuwa na kitakasa mikono, viti vilipanguswa mara mbili, na madirisha yote niliyafunga ili kelele za barabarani zisiwasumbue wapiga fidla. Nikajiona nimefanya kazi. Yale madirisha yananitia aibu mpaka leo.

Machi 10, 2020, kwaya moja ya kaunti ya Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Mlangoni palikuwa na sanitaiza, na watu waliacha kukumbatiana. Kati ya waimbaji 61 waliohudhuria, wagonjwa 53 walihesabiwa baadaye, na 2 walifariki. Mikono yao ilikuwa safi. Walichoshirikiana ni pumzi.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga kiti chochote, mtafute fundi wa viyoyozi wa ukumbi. Muulize swali moja: mtambo unavuta hewa mpya kutoka nje, au unazungusha ile ile? Mingi huzungusha ile ile, hasa ikiwekwa kwenye hali ya kubana matumizi ya umeme. Kisha tafuta kipimo cha kaboni dioksaidi, kikae katikati ya viti, si karibu na mlango. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni. Mimi kikivuka 800 naanza kufungua milango, na nikiona kinaendelea kupanda, onesho linalofuata nauza tiketi chache zaidi. Kipimo hicho hakioni virusi, lakini kinakuonesha ni kiasi gani cha pumzi za wengine unachovuta.

Jukwaani ndiko kwenye kazi hasa. Wapiga nyuzi na ngoma watavaa barakoa, ila anayepuliza hawezi. Tarajia manung'uniko. Okestra ya Berlin Philharmonic ya Ujerumani walipocheza Mei 1, 2020 katika ukumbi usio na watazamaji, wapiga nyuzi walikaa mita 2 mmoja na mwingine, wapulizaji mita 5, na jukwaani hawakuzidi watu 15. Simfoni ya 4 ya mtunzi Mahler, ambayo kwa kawaida hutaka okestra kubwa, waliicheza katika mpangilio wa ala chache. Hapo pana somo ambalo wengi huliruka: usalama huanzia kwenye uchaguzi wa muziki. Ukishachagua kazi inayotaka kwaya ya watu 80 na tromboni 4, hakuna namna ya kupanga viti itakayokuokoa.

Na umbali una gharama zake. Sauti huchukua takriban milisekunde 30 kusafiri mita 10, kwa hiyo aliye nyuma akisubiri kusikia ndipo apige, amechelewa. Waambie wafuate mkono wa kiongozi, wasifuate masikio. Halafu kuna stendi za nota. Kwa kawaida wapiga fidla wawili hutumia stendi moja, mmoja akifunua ukurasa mwenzake anaendelea kupiga. Mimi niliwatenganisha bila kulifikiria hilo, na kwenye mazoezi safu nzima ikanyamaza mwisho wa ukurasa wa pili! Agiza stendi za ziada, na nota zichapwe upya ili ukurasa uishie mahali ambapo mpigaji ananyamaza kidogo. Wapulizaji nao wape kitambaa au kopo la maji yanayokusanyika ndani ya ala. Wamezoea kuyamwaga sakafuni.

Mapumziko yafute. Tamasha la Salzburg, Austria, la Agosti 2020 lilifanya hivyo, na tiketi zikabeba jina la mnunuzi, ili akitokea mgonjwa ijulikane nani alikaa karibu naye. Piga dakika 60 au 70 mfululizo, watu watoke safu kwa safu. Ukitaka mapato, rudia onesho jioni ile ile, ila acha muda wa kutosha katikati ukumbi upate hewa. Vyooni weka mtu wa kusimamia foleni.

Jambo la mwisho nililijua kwa kuchelewa. Mwanamuziki anayelipwa kwa onesho hatasema ana homa. Mmoja alinieleza baadaye, bila kificho, kwamba alimeza panadoli akapanda jukwaani kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inamsubiri. Sikuweza kumlaumu, maana mkataba nilioandika mimi ulisema asiyecheza halipwi. Siku hizi mikataba yangu humlipa mgonjwa anayebaki nyumbani, na kwa kila ala namtafuta mapema wa akiba mwenye nota mkononi. Bajeti ikibana, napunguza maua ya jukwaani.