Maswali yenu ya sabufa: boksi lifungwe au litobolewe?

Barua za safari hii karibu zote ni za sabufa, na karibu zote zinauliza kuhusu boksi. Nimefurahi sana. Wengi hununua wufa, yaani spika yenyewe ya besi, kwa kutazama ukubwa wa sumaku na wati zilizoandikwa mgongoni, halafu boksi wakalikadiria kwa macho, ilhali besi utakayoisikia inategemea mbao na hewa iliyomo ndani sawasawa na inavyoitegemea wufa yenyewe.

Shikamoo fundi. Nina wufa ya inchi 12 na mbao ziko tayari. Nijenge boksi lililofungwa au lenye tundu la kupitisha hewa? Kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Marahaba. Kila mmoja anakujibu kwa wufa aliyonayo yeye. Kabla hujashika msumeno, soma karatasi iliyokuja na wufa yako, utafute namba tatu. Fs ni masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, hupimwa kwa hezi) ambayo koni, ile sehemu ya mbele ya wufa inayocheza, hutikisika kwa hiari yake ukiigusa. Vas ni ujazo wa hewa ambao ugumu wake unalingana na ugumu wa mpira na kitambaa kinachoishikilia koni. Qts inaeleza jinsi koni inavyotulizwa: ikiwa ndogo, sumaku inaikamata koni haraka, ikiwa kubwa, koni inaendelea kuyumba kidogo kabla ya kutulia. Namba hizi huitwa kwa majina ya Neville Thiele wa Australia, aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small, aliyeiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao, boksi lenye tundu lilikuwa kazi ya kujaribu, kukosea na kurudia.

Tuchukue wufa yenye Fs ya hezi 28, Vas ya lita 60 na Qts ya 0.40. Kwa boksi lililofungwa, wengi hulenga Qts ipande hadi 0.707 wufa ikiwa ndani, maana hapo sauti inashuka bila kinundu. Gawanya 0.707 kwa 0.40, upate kama 1.77. Zidisha jibu hilo kwa lenyewe, toa 1, unabaki na 2.12. Sasa gawanya lita 60 kwa 2.12: boksi lako ni lita 28. Ni dogo, linaingia hata chini ya meza. Lakini lina malipo yake, kwa sababu hewa iliyobanwa imeongeza ugumu, na mtikisiko wa koni umepanda kutoka hezi 28 hadi kama 50. Chini ya hapo sauti inapungua desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila masafa yanapokatwa nusu.

Wufa hiyohiyo ukiiweka kwenye boksi la lita 60 lenye tundu lililopangwa kwa hezi 28, besi itashika vizuri hadi karibu na hizo hezi 28. Tofauti hiyo unaisikia kifuani. Gharama yake ni kwamba boksi ni kubwa maradufu, sauti ikianza kushuka inaporomoka kwa desibeli 24 badala ya 12, na chini ya masafa ya tundu koni haina mto wa kuizuia. Hewa inaingia na kutoka tu, koni inarushwa mbele na nyuma, na koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, inaweza kugonga bamba la nyuma. Ndiyo maana mwenye boksi la tundu lazima aweke kichujio kwenye amplifaya kinachozuia masafa ya chini kabisa.

Ushauri wangu: Qts ikiwa 0.5 au zaidi, funga boksi. Ikiwa kati ya 0.3 na 0.4, tundu litakufaa. Na kama hujawahi kujenga hata moja, funga kwanza, hata kama namba zinaruhusu tundu. Ukikosea lita tatu kwenye boksi lililofungwa, hakuna atakayejua. Kwenye tundu kosa hilohilo linahamisha masafa yako.

Rafiki yangu anasema boksi lisilo na tundu ni la kizamani. Ni kweli?

Mwambie ni la kizamani kwa maana ya kwamba limeshinda muda. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iitwayo AR-1, ambayo koni yake ilishikwa kwa ulegevu sana, na hewa iliyofungwa ndani ndiyo ikafanya kazi ya springi. Hewa ni springi sahihi kuliko mpira, na ndiyo sababu boksi dogo lilitoa besi safi iliyowashangaza waliozoea makabati makubwa.

Kuna kanuni moja ambayo hakuna boksi limeivunja: boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache. Chagua viwili, cha tatu utakilipia. Villchur alichagua udogo na besi ya chini, akalipa kwa wati.

Bomba la tundu nalipimaje? Nimeona watu wanakata tu kwa makisio.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tundu na hewa ya boksi ni kama chupa unayoipuliza mdomoni: hewa iliyo shingoni ndiyo uzito, hewa iliyo tumboni ndiyo springi. Shingo ikiwa ndefu, sauti inashuka. Shingo ikiwa pana, sauti inapanda. Tumbo likiwa dogo, sauti inapanda pia.

Kwa boksi la lita 60 na hezi 28, bomba la kipenyo cha sentimita 10 linatakiwa liwe na urefu wa karibu sentimita 42. Ukitumia bomba la sentimita 7, linatosha la sentimita 19 hivi. Unaona kishawishi kilipo: bomba jembamba ni fupi, linaingia bila shida. Lakini hewa ileile inapita kwenye mdomo mdogo maradufu, kwa hiyo inakwenda kasi maradufu, na ukipandisha sauti utasikia "fuu, fuu" juu ya muziki. Jitahidi kasi hiyo isizidi mita 17 kwa sekunde, na mdomo wa bomba uwe na ukingo wa mviringo. Bomba likiwa refu kuliko boksi, weka kiwiko, upime urefu kwa kufuata mstari wa katikati. Mdomo wa ndani uache nafasi isiyopungua kipenyo cha bomba kabla ya kufika ukutani.

Anza na bomba refu kidogo, kwa sababu kupunguza ni rahisi kuliko kurefusha. Kisha pima, na kifaa cha kupimia unacho mfukoni. Weka kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja safi, unganisha na amplifaya, sauti iwe ya wastani. Anza hezi 50, shuka moja moja, huku ukimulika koni kwa tochi kutoka pembeni. Utaiona inacheza, kisha inaanza kutulia, halafu kuna masafa ambapo inakaribia kusimama kabisa, na kiganja ulichokiweka mbele ya bomba kinapigwa na upepo. Hapo ndipo boksi lako lilipo. Ukiendelea kushuka koni inaanza tena kuruka. Rudi juu haraka, usiiache ikiteseka.

Nilipiga hesabu ya boksi vizuri lakini besi haishuki kama nilivyotarajia. Nimekosea wapi?

Barua yako inasema ulipima sentimita 40 kila upande. Ulipima nje, na hata mimi boksi langu la kwanza lilikuwa na kosa hilohilo. Kwa nje, 40 kwa 40 kwa 40 ni lita 64. Lakini ubao wa milimita 18 unakula pande zote mbili, ndani inabaki sentimita 36.4, yaani lita 48. Kisha toa nafasi inayokaliwa na sumaku ya wufa, bomba na vipande vya kuimarisha. Mimi nilibaki na kama lita 41. Nilikuwa nimelenga hezi 28, kipimo cha tochi kikaniambia 35. Nilikaa na boksi lile mwaka mzima nikilaumu wufa. Anza na ujazo wa ndani unaoutaka, jumlisha vitu vitakavyokaa humo, ndipo uongeze unene wa mbao.

Je, boksi la vyumba viwili, wufa ikiwa imefichwa ndani, linapiga zaidi?

Linapiga zaidi kwenye kipande kidogo cha masafa. Wufa inakaa kwenye ukuta wa kati, chumba kimoja kimefungwa, kingine kina tundu, na sauti yote inatokea tunduni. Ngoma za aina moja zitatikisa madirisha, lakini gitaa la besi likipanda na kushuka, noti nyingine zinapotea. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba boksi hili linaficha mkwaruzo. Wufa inaweza kuwa inaelemewa na wewe usisikie, mpaka unuse koili imeungua. Mimi sijengi.

Na yale maboksi yenye njia ndefu iliyokunjwa ndani?

Hayo ninayapenda, ila si kazi ya kwanza. Wimbi la hezi 30 lina urefu wa mita 11.4, na njia inatakiwa iwe robo yake, karibu mita 2.9, ikunjwe ndani ya boksi. Ikiwa njia inapanuka kama tarumbeta, unapata sauti kubwa kwa wati chache, lakini boksi linakuwa kabati. Paul Klipsch mwaka 1946 alipunguza ukubwa kwa kutumia pembe ya chumba, kuta zenyewe zikawa mwendelezo wa tarumbeta. Jenga maboksi mawili ya kawaida kwanza, mkono uzoee kuunga mbao bila mwanya.

MDF au plaiwudi?

Yoyote, mradi iwe milimita 18 au zaidi. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshinikizwa, ni nzito na haina mashimo ndani, lakini ikilowa inavimba, na vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa unapokata. Plaiwudi ni nyepesi na inashika skrubu vizuri. Muhimu kuliko aina ni vipande vya kuunganisha ukuta na ukuta kwa ndani. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole: ukiitika "ngooo", unaimba na muziki wako. Ongeza kipande hadi usikie "tu" fupi, kavu.

Boksi langu lililofungwa linatoa "sss" nikiongeza sauti.

Hewa inavuja. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa. Ikirudi polepole, boksi liko sawa. Ikirudi mara moja, kuna mwanya. Kagua ukingo wa wufa na pale nyaya zinapopita. Ziba kwa silikoni, na kama ni ile yenye harufu ya siki, toa wufa kwanza, uirudishe baada ya silikoni kukauka kabisa.

Niweke pamba ndani?

Kwenye lililofungwa, ndiyo, pamba ya polista kama ya mito, isishindiliwe. Inafanya hewa ijione kana kwamba iko kwenye boksi kubwa kidogo. Kwenye la tundu, tandaza safu nyembamba ukutani tu, mbali na mdomo wa bomba.

Wufa yangu ina koili mbili za omu 4 kila moja. Naziungaje?

Zikifuatana, jumla ni omu 8. Zikiwa sambamba, ni omu 2. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachokubali, kisha uamue. Ukiwa na wufa mbili, gusa kila moja kwa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya: koni zote zitoke nje. Moja ikiingia ndani, zitafutana besi.

Nikiwa jikoni nasikia besi nzito, nikikaa kwenye kiti changu haipo. Boksi limeharibika?

Boksi ni zima, chumba ndicho kinachofanya hivyo. Kuta zinazotazamana kwa umbali wa mita 4 hulimbikiza sauti ya hezi 43 karibu na kuta na kuifuta katikati, na pengine kiti chako kiko katikati. Weka sabufa juu ya kiti hicho, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa chini. Ukifika mahali ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaolingana, weka alama ya chaki sakafuni, uhamishie sabufa hapo.