Ukishindwa kuomba baada ya msiba

Pole sana, dada. Umesema tangu mumeo afariki na kazi ikakatika, ukipiga magoti maneno hayatoki, na wenzako kanisani wanadai imani yako ni haba. Hilo la mwisho liache lipite. Rafiki zake Ayubu nao walimsema vivyo hivyo, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea wao, si yeye.

Ukikosa maneno, azima. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ni mistari 6 tu, na inaanza na "hata lini". Ikikukera kwa kumalizia na shangwe usiyo nayo, nenda ya 88, inayoishia gizani na bado ni sala. Nilipofiwa, hiyo ndiyo niliyoishi nayo muda mrefu.

Mwili nao usiusahau. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria: alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kwa hiyo kula, hata kidogo. Ibadani nenda ukiweza, ukae nyuma, usiimbe kama huwezi. Mtafute mtu mmoja anayejua kunyamaza, akuombee.

Anayekutaka utoe fedha ili upate muujiza, au uache dawa, mkimbie. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Na kama usingizi umepotea kwa majuma, au unawaza kujiua, usisubiri Jumapili. Mwambie mtu wa karibu leo hii, akusindikize kwa daktari au mshauri nasaha.