Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Baa Nzima Humwita Norm?

Katika toleo lililopita tulizungumzia kwa ufupi Cheers, tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyorushwa na kituo cha NBC kuanzia mwaka 1982 hadi 1993, ambayo visa vyake vingi hutokea ndani ya baa moja ya mjini Boston. Barua zilizotufikia kutoka mitaa mbalimbali ya Lubumbashi zinauliza zaidi kuhusu yale mambo yanayorudiwa kila wiki: salamu zile zile, malalamiko yale yale, watu wale wale kwenye viti vile vile. Tumechagua barua tano, na tunaanza na ile inayodai jibu refu.

*Mheshimiwa Mwandishi, sisi ni vijana wa kundi la maigizo hapa Katuba, na tunaandika kichekesho kinachotokea katika nganda, yaani baa ya mtaani. Tumetazama sehemu kadhaa za Cheers ili tujifunze. Kila Norm, mteja wa kila siku, anapoingia, watu wote humwita kwa sauti kubwa, mhudumu humwuliza hali, naye hutoa jibu la kuchekesha. Mwenzetu mmoja anasema huo ni uvivu wa waandishi, kwa kuwa mzaha uliokwisha kusikika hauchekeshi tena. Je, amesema kweli?* (Kundi la vijana, Katuba)

Ndugu zetu wa Katuba, mwenzenu ameona vizuri kwamba tendo ni lile lile, lakini hajatenganisha kinachorudiwa na kinachobadilika. Mwito haubadiliki: mlango unafunguka, Norm Peterson, anayeigizwa na George Wendt, anaingia, baa nzima inaita "Norm!", naye anaelekea kwenye kiti chake mwishoni mwa kaunta bila kumwangalia mtu. Kati ya mlango na kiti kuna hatua chache tu, na ndani ya hatua hizo mhudumu anamwuliza maisha yanaendaje au amtilie nini. Jibu ndilo jipya. Wiki hii analalamikia kazi, wiki ijayo ndoa, wiki nyingine kiu yake mwenyewe ambayo haina mwisho. Mtazamaji aliyeuzoea mwito hahitaji tena kuelezwa yuko wapi wala huyu anayeingia ni nani, kwa hiyo akili yake yote iko huru kulingojea jibu. Ndiyo maana jibu linaweza kuwa sentensi moja fupi na bado likaangusha watu kwa kicheko: kazi ya kuwaandaa imekwisha kufanywa na wiki zote zilizotangulia.

Angalieni pia jinsi waandishi walivyoutumia mwito huo huo kuchora tabia ya mtu mwingine. Diane Chambers, mhudumu msomi ambaye Shelley Long alimwigiza, hawezi kufupisha jina la mtu. Wengine wote wakishaita "Norm", yeye peke yake huongeza "Norman", kwa sauti ya adabu, nyuma ya kelele. Kwa neno hilo moja tunajua kwamba yumo katika baa hiyo na bado si wa baa hiyo. Kama mwito usingekuwa mazoea, neno lake lisingekuwa na maana yoyote.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Wimbo wa mwanzo wa Cheers unazungumzia mahali ambapo kila mtu analijua jina lako. Watunzi wa tamthilia hiyo, James Burrows na ndugu wawili Glen na Les Charles, wangeweza kuliacha wazo hilo libaki maneno ya wimbo, lakini walilifanya tendo linaloonekana kwa macho: mtu anaingia, na jina lake linatajwa na wote. Anayetazama nyumbani kwa wiki kadhaa naye huanza kuliita jina hilo kabla ya waigizaji, na tangu hapo hayuko tena nje akichungulia dirishani. Amekuwa mteja wa baa ile, anajua kiti cha nani ni kipi, anajua nani ana deni na nani hapendwi. Mazoea ya vichekesho humpa mtazamaji uenyeji, na mwenyeji hucheka mahali ambapo mgeni haoni hata kilichosemwa. Siamini kwamba tamthilia yenye mahali pamoja na watu wachache ingeweza kuishi misimu 11 kwa njia nyingine.

Hata hivyo uenyeji huo hauji siku moja. Msimu wa kwanza wa Cheers ulikuwa na watazamaji wachache sana, hata ukakaa karibu na mkia wa orodha ya vipindi vya televisheni vya Marekani, na wakuu wa NBC walipaswa kuwa na subira. Ninyi hamna misimu, mna jioni moja. Kwa hiyo fanyeni katika saa moja kile ambacho wao walikifanya kwa miezi: mara ya kwanza wafundisheni watazamaji mazoea, mara ya pili yathibitisheni bila kubadili chochote isipokuwa jibu, na mara ya tatu yavunjeni. Mara ya tatu watazamaji wenyewe watakuwa wamekwisha kujiandaa kwa kile wanachokijua, na hapo mnaweza kuwageuzia.

Msiuhamishe mwito wa Boston kuuleta Katuba. Katika nganda zetu anayeingia ndiye anayezunguka meza na kumpa kila mtu mkono, kuanzia wazee, na asiyefanya hivyo husemwa. Basi chukueni mzunguko huo. Mhusika wenu aingie, asalimu meza zote kwa heshima, "Jambo papa, jambo mama, jambo yaya," kisha airuke meza moja tu, ile anakokaa mtu anayemdai. Akiiruka mara mbili, mara ya tatu msiweke neno lolote. Acheni meza hiyo ihamishiwe karibu na mlango. Jiji hili lina watazamaji waliolelewa na kundi la Mufwankolo, ambalo kwa miaka mingi liliwachekesha watu redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha hapa hapa, na wanajua kumngojea mhusika wanayemfahamu. Hamhitaji kuwafundisha hilo.

*Kaka Mwandishi, jambo linaloniudhi katika Cheers ni mke wa Norm, Vera. Kila siku anasemwa, anachekwa kwa umbo lake na kwa tabia yake, na hatumwoni kamwe ili ajitetee. Je, hii si kumdharau mwanamke?* (Mama wa nyumbani, Kamalondo)

Mama, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Mzaha wa mume anayekimbia nyumba yake ndio uliochakaa kuliko mingine yote katika Cheers, na kijana anayeandika leo angefanya vema kuuacha. Lakini mbinu yenyewe ya mhusika asiyeonekana inafaa kueleweka, kwa sababu ina nguvu kubwa. Mtu tunayesimuliwa tu hana sura ya kumpunguza. Kila simulizi linamwongezea kitu, na kila mtazamaji anajitengenezea Vera wake. Waandishi walijua kwamba siku watakapomwonyesha, Vera wa kweli atashindwa na yule wa kuwaziwa. Kwa hiyo mwaka 1986, katika sehemu inayohusu sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, walimwingiza mlangoni wakati ambapo watu wanarushiana vyakula, na pai iliyorushwa na Diane ikamfunika uso kabla hatujamwona. Aliyesimama pale alikuwa Bernadette Birkett, mke halisi wa George Wendt. Mazoea yalivunjwa na kulindwa kwa pigo moja, na kazi safi namna hiyo ni adimu.

Niongeze neno moja kwa ajili ya Norm, ingawa halifuti lawama yako. Waandishi walimpa nafasi ya kumsaliti mkewe, naye akashindwa, na ikabainika kwamba anampenda na anaona aibu kulisema mbele ya wenzake. Hapo tunaelewa kwamba malalamiko yake ni desturi ya kaunta, jambo linalosemwa ili mtu akubalike na wenzake, na desturi hiyo iko hata kwetu.

*Bwana Mwandishi, mimi ni mwalimu. Cliff, yule tarishi wa posta, husema mambo yasiyo ya kweli kwa sauti ya profesa, kila siku. Kwa nini wenzake wasimfukuze?* (Mwalimu, mtaa wa Kenya)

Mwalimu, Cliff Clavin karibu asiwepo kabisa. John Ratzenberger alikwenda kujaribiwa kwa nafasi ambayo baadaye ilikuwa ya Norm, akaona wazi kwamba hataipata, na kabla ya kuondoka akawauliza watunzi kama baa yao ina mjuaji wa kila kitu. Akawaonyesha papo hapo mtu wa namna hiyo, nao wakampenda. Alikuwa sahihi, kwa kuwa hakuna baa duniani isiyo na mtu huyo.

Wenzake hawamfukuzi kwa sababu wanamhitaji ili wawe na kitu cha kukijibu. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kamera haibaki kwa Cliff anapozungumza. Inakwenda kwa nyuso za wanaosikiliza, kwa Norm anayekodolea glasi yake, kwa Carla Tortelli, yule mhudumu mwenye ulimi mkali, anayengoja pa kumchomea. Elimu yake ya uongo ni mti wa kutundikia majibu ya wengine. Waandishi walikuwa waangalifu pia katika uongo wenyewe: nusu yake husikika kama jambo lililosomwa mahali fulani, na ni pale tu sentensi inapofika mwishoni ndipo inapoporomoka. Uongo wa wazi tangu neno la kwanza ungemchosha kila mtu.

*Nimesikia kwamba mzee aliyekuwa akihudumu kwenye kaunta alifariki wakati tamthilia ikiendelea, na Diane naye aliondoka. Mazoea hayo yaliwezaje kudumu bila wenyewe?* (Msomaji, Ruashi)

Ndugu, Nicholas Colasanto, aliyemwigiza mzee Coach, alifariki mwezi wa Februari 1985, katika msimu wa tatu. Kazi ya Coach katika kila sehemu ilikuwa kutoelewa: mtu akisema neno lenye maana mbili, yeye alilishika kwa maana isiyokusudiwa. Watunzi walijua kwamba nafasi hiyo haiwezi kubaki tupu, lakini hawakuleta mzee mwingine. Walimleta Woody Boyd, aliyeigizwa na Woody Harrelson, kijana kutoka mashambani Indiana, ambaye naye haelewi, kwa sababu tofauti kabisa. Coach alichanganyikiwa kwa uzee na kwa mipira iliyompiga kichwani alipokuwa mchezaji wa besiboli. Woody anachanganyikiwa kwa usafi wa moyo, kwani hadhani kwamba mtu anaweza kusema jambo asilolikusudia. Nafasi ilikuwa ile ile, na chanzo cha kicheko kikawa kipya. Hata swali analoulizwa Norm likabadilika kidogo: Woody, kwa malezi yake mazuri, humwita Bwana Peterson. Picha ya Geronimo, kiongozi wa zamani wa Waapache wa Marekani, ambayo Colasanto alikuwa nayo katika chumba chake cha kuvalia ilitundikwa ukutani mwa baa, ikabaki pale hadi mwisho.

Diane alipoondoka mwaka 1987 walifanya kinyume. Hawakumtafuta msomi mwingine wa kugombana na Sam Malone, mwenye baa. Sam aliiuza baa, akaenda baharini na mashua yake ikazama, na aliporudi akamkuta Rebecca Howe, aliyeigizwa na Kirstie Alley, akiisimamia kwa niaba ya kampuni iliyoinunua. Mtu aliyezoea kuamuru akalazimika kuomba kazi. Kazi ya kusahihisha lugha ya watu ikamwangukia Frasier Crane, daktari wa magonjwa ya akili aliyeingia mwaka 1984, na akaifanya vizuri kiasi kwamba mwaka 1993 alipewa tamthilia yake mwenyewe. Kwa maoni yangu mabadiliko ya Woody yalifaulu kuliko ya Rebecca, ambaye waandishi walichukua muda mrefu kabla ya kutambua kwamba anachekesha zaidi anaposhindwa kuliko anapotawala.

*Sam ana baa lakini hanywi pombe. Kwa nini? Na je, wale wengine walikunywa bia ya kweli?* (Baba wa familia, Kampemba)

Papa, Sam aliwahi kuwa mrushaji wa mpira katika timu ya Boston Red Sox, na pombe ndiyo iliyoharibu kazi yake. Anasimama kila siku mbele ya chupa zilizomwangusha, anamimina kwa ajili ya wengine, na kizibo cha chupa yake ya mwisho anakitunza kama kitu cha bahati. Uamuzi huo uliwapa waandishi hatari ya kudumu iliyo nyuma ya kicheko: wakati wowote mambo yake ya moyo yanapoharibika, mtazamaji anaangalia mikono ya Sam.

Kuhusu bia, iliyowekwa mbele ya Norm ilikuwa na kilevi kidogo sana, na ilitiwa chumvi ili povu lisipotee chini ya taa kali za studio ya Paramount mjini Los Angeles, ambako tamthilia ilirekodiwa mbele ya watazamaji walioketi. Wendt alilazimika kuinywa hivyo hivyo, glasi baada ya glasi, huku akionyesha furaha.